Wabunge Wetu Tisa wa Arusha ni Akina Nani?

Leo nitazungumza juu ya Bunge. Nawajua baadhi yenu: mkisikia neno hilo tu, mkono unakwenda kwenye kitufe cha redio. Ngoja kidogo. Bunge nitakalolizungumzia si lile la Dodoma. Ni jingine, liko Arusha, na sheria zake zinafika mpaka kwenye gunia la dagaa la pale Kirumba.

Jambo lenyewe lilianza hivi. Jumamosi iliyopita nilikwenda mwaloni Kirumba kununua dagaa wa nyumbani. Asiyepajua Kirumba na aelewe kwamba pale ni soko la kimataifa lisilo na bendera. Utawakuta wanunuzi kutoka Kenya, Rwanda, Burundi na Kongo, na wote wanapatana bei kwa Kiswahili. Nikiwa bado napimiwa, mama mmoja anayepeleka mzigo nchi jirani akanitambua kwa sauti.

"Shikamoo mzee. Wewe si yule wa redioni?"

Nikaitikia marahaba, nikakiri kwamba ndimi.

"Basi nisaidie," akasema. "Nikivusha magunia yangu matano mpakani, leo naambiwa karatasi hii, kesho naambiwa karatasi ile. Juzi kijana mmoja, hana sare wala kitambulisho, kaniambia nimpe hela anitengenezee cheti. Nikampa. Sasa nasikia sisi wenye mizigo midogo cheti tunapewa hapo hapo na watu wa forodha. Hizo sheria za Jumuiya nani kazitunga?"

Nikamjibu kama mtu ajuaye. Nikasema zimetungwa na Bunge la Afrika Mashariki, na kwamba sisi Watanzania tunao wabunge tisa humo.

"Tisa!" akashangaa. "Hebu nitajie wawili tu, nimpelekee mmoja shida yangu."

Ndugu msikilizaji, nilisimama pale na mfuko wangu wa dagaa nikikuna kichwa. Mimi ninayesoma magazeti kila siku, mimi ninayewahubiria wenzangu redioni, nilimtaja mmoja, na wa pili nikamkosea, kwa maana alikuwa wa kipindi kilichokwisha. Mama yule akacheka. "Kumbe na wewe mzee huwajui," akasema, akageukia magunia yake. Nikaondoka nimeona haya, na haya hiyo ndiyo iliyoniletea mazungumzo ya leo.

Tuanze kwa kueleza Bunge hilo ni kitu gani. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999, na Marais Mkapa, Moi na Museveni, ukaanza kutumika Julai 7, 2000. Bunge la Jumuiya likazinduliwa Novemba 2001, na Spika wake wa kwanza alikuwa Mtanzania, Ndugu Abdulrahman Kinana. Rwanda na Burundi zikajiunga mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Kwa hiyo Jumuiya hii iliyoanza na nchi tatu sasa ina nchi nane, nayo imetoka Bahari ya Hindi mpaka Bahari ya Atlantiki. Kila nchi, iwe kubwa kama Kongo au ndogo kama Burundi, ina haki ya wabunge tisa wa kuchaguliwa, sawa sawa. Mawaziri wanaoshughulikia mambo ya Jumuiya nao huingia, lakini hawapigi kura.

Sasa sikiliza uzito wake. Mkataba unasema kwamba katika mambo yanayohusu utekelezaji wa Mkataba huo, sheria ya Jumuiya iko juu ya sheria ya nchi inayofanana nayo. Chukua Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya, ya mwaka 2004. Bunge la Arusha ndilo lililoipitisha, na Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 1, 2005, ndiyo ikawa sheria ya mipaka yetu. Ofisa wa forodha aliyekaa Sirari au Mutukula anakukagua kwa sheria iliyotungwa Arusha. Hata kile cheti cha asili ya bidhaa alichouziwa mama yangu wa Kirumba na kishoka, ni jambo la Jumuiya: mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizomo katika orodha, ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, anapewa cheti chepesi pale pale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Haki hiyo ni ya mama yule. Alilipia haki yake kwa sababu hakuna aliyemwambia kuwa anayo.

Na si dagaa peke yao. Sisi wa Nyamagana tunaishi juu ya maji ya watu watatu. Ziwa Victoria, karibu nusu yake ni yetu, sehemu kubwa ya inayobaki ni ya Uganda, na kipande kidogo ni cha Kenya. Lakini sangara hajui mpaka. Gugumaji lilipoenea ziwani katika miaka ile ya 1990 halikuomba viza. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku samaki wa ziwa hili kwa hofu ya uvuvi wa sumu, marufuku ile ilizipata nchi zote tatu, mwenye kosa na asiye na kosa. Viwanda vya minofu hapa Mwanza vikatikisika, na aliyeumia kwanza ni kibarua wa kutwa. Samaki mmoja akioza, wameoza wote. Methali hiyo sisi wa ziwani tumeionja kwa ulimi wetu.

Kuna jambo zito zaidi ya samaki. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama asubuhi ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Mamia ya ndugu zetu walikufa. Wengi wamelala pale Igoma, na kila mwaka tunakwenda kuweka maua. Meli ile ilibeba watu kupita kiasi, na uokoaji ulikuwa hafifu. Miaka kumi na mmoja baadaye Bunge la Afrika Mashariki likapitisha Sheria ya Usafiri katika Ziwa Victoria ya mwaka 2007, yenye shabaha ya kuwa na kanuni za pamoja za usajili wa vyombo, leseni na usalama wa wasafiri katika ziwa zima. Naomba niulize: ni wangapi kati yetu tunaopanda vyombo vya majini kila siku tumewahi kuisikia sheria hiyo? Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220. Sisemi kwamba sheria ya Arusha peke yake ingewaokoa. Kile kilikuwa kivuko chetu wenyewe katika maji yetu wenyewe, na sheria za kwetu tunazo za kutosha. Nasema tu kwamba sheria ambayo mwananchi haijui hawezi kuidai, na sheria isiyo na mdai ni karatasi.

Hapa ndipo nataka kukurudisha nyuma kidogo, ndugu msikilizaji, kwa sababu hii si mara yetu ya kwanza kuwa na Jumuiya.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani katika bandari ya Mwanza, chini ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Siku hizo meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa ikizunguka Kisumu, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Baba alikuwa na wenzake Kisumu na wenzake Port Bell. Waliandikiana barua, wakatumiana salamu za watoto, na mmoja wao aliniletea viatu vyangu vya kwanza vya shule. Jumuiya ile iliundwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967, nayo ilikuwa na reli moja, posta moja, bandari chini ya shirika moja na ndege za shirika moja. Wengi wetu tulidhani ni jambo la milele.

Nayo pia ilikuwa na Bunge. Na kila nchi ilipeleka wajumbe wa kuteuliwa, wangapi? Tisa. Lakini nguvu yote ilikuwa mikononi mwa Mamlaka, yaani marais watatu. Januari 1971 Idi Amin akampindua Obote, na Mwalimu Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Mimi simlaumu Mwalimu kwa hilo. Lakini tazama matokeo yake: Mamlaka ikaacha kukutana, na kwa kuwa kila jambo kubwa lilingoja watu watatu, kila jambo kubwa likakwama. Kenya na Tanzania nazo zikagombana juu ya fedha na faida, huyu akisema ananyonywa, yule akisema anabebeshwa. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Katika mwaka huo huo Jumuiya ikafa. Mpaka ule haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983.

Nilikuwa na miaka kumi. Nakumbuka baba alirudi nyumbani akakaa barazani bila kuvua viatu. Mali zikagawanywa, meli ya Victoria ikabaki kwetu, na barua za kutoka Kisumu zikakatika. Wafanyakazi wa Jumuiya ile waliendelea kudai mafao yao kwa miaka mingi, wengine mpaka mahakamani, wengine mpaka kaburini. Wabunge wale ishirini na saba wa nchi tatu walifanya nini? Hawakuwa na la kufanya. Hawakuchaguliwa na watu, watu hawakuwajua, na lilipovunjika Bunge lao hakuna hata mtu mmoja aliyeandamana kulililia. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Lakini mimi naongeza kwamba nyasi zile hazikuwa na msemaji.

Waliouandika Mkataba wa 1999 waliliona kosa hilo. Katika dibaji yake wamekiri kwamba miongoni mwa sababu zilizoiua Jumuiya ya kwanza ni utashi hafifu wa kisiasa, mgawanyo wa faida usio sawa, na wananchi na sekta binafsi kutoshirikishwa vya kutosha. Kwa sababu hiyo wakaandika kwamba Jumuiya mpya itakuwa ya watu. Wakaandika demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu kuwa ni misingi yake. Wakaandika pia jambo moja zuri ambalo halizungumzwi: kwamba Katibu wa Bunge la Afrika Mashariki atapeleka kumbukumbu za mijadala yake na miswada yake kwa makatibu wa mabunge ya nchi, ili iwekwe mezani mbele ya wabunge wa taifa, na maoni ya wabunge hao yarudi Arusha. Hiyo ndiyo daraja kati ya Arusha na Dodoma, na kati ya Dodoma na Nairobi, Kampala, Kigali. Iko katika maandishi. Swali ni nani anapita juu yake.

Nasema hivyo kwa sababu magomvi hayajaisha. Mwishoni mwa mwaka 2017 vifaranga zaidi ya elfu sita kutoka Kenya walichomwa moto pale Namanga kwa amri ya wakubwa wa upande wetu. Machi 2021 Kenya nayo ikayazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakakwama mpakani, kisha baada ya siku chache zuio likalegezwa kwa masharti. Sibishi kwamba magonjwa ya kuku na sumu ya mahindi ni mambo ya kuangaliwa. Ninachosema ni kwamba amri zote mbili zilishuka usiku mmoja, mkulima wa Magu na mfugaji wa Kiambu wakaamka wameshaumia, na hakuna mahali palipokuwa pamewekwa wazi ambapo wangekwenda kusikilizwa.

Na tazama jinsi jambo la mahindi lilivyopoa. Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaenda Nairobi, akazungumza na Rais Uhuru Kenyatta, kisha akahutubia kikao cha pamoja cha Bunge la Kenya, Seneti na Bunge la Taifa. Alizungumza kwa Kiswahili, na wabunge wa Kenya wakampigia makofi na kucheka utani wake. Mimi niliangalia katika televisheni nikafurahi sana. Lakini nilipozima nikajiuliza: je, kama marais hawa wawili wasingekuwa wanapatana? Tungengoja miaka mingapi safari hii?

Jibu tumeliona mwaka 2025 kwa majirani zetu wengine. Januari ya mwaka huo waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma, na Kongo ikaishutumu Rwanda kwamba ndiyo iliyo nyuma yao. Nchi mbili za Jumuiya moja. Wakuu wa Jumuiya walipoitana kwa mkutano wa video mwishoni mwa Januari, Rais wa Kongo hakuhudhuria. Februari ikabidi Jumuiya yetu na ile ya Kusini mwa Afrika zikutane pamoja Dar es Salaam. Kiti kitupu cha mwaka 1971 tumekiona tena mwaka 2025. Ndiyo maana nasema tusikae tukategemea urafiki wa wakubwa peke yake. Marais hubadilika, na hata wasipobadilika hununa. Wabunge wanaojuana, wanaotembeleana, na wanaojibu kwa watu wao, ndio wanaoweza kuendelea kuzungumza wakati wakubwa wamenuna.

Lakini Bunge hili la sasa lina nguvu hizo? Tuseme kweli: bado. Kwanza, muswada ukipita Arusha ni lazima wakuu wa nchi zote wauridhie. Ukirudishwa na kupelekwa tena, mmoja tu akigoma, muswada umekufa. Pili, fedha. Mara kwa mara vikao vyake vimesimama kwa sababu nchi wanachama zimechelewa kulipa michango. Tatu, na hili ndilo kubwa, wabunge wenyewe wanapatikanaje?

Mkataba unasema Bunge la kila nchi litawachagua watu tisa walio nje ya Bunge hilo, kwa namna ambayo itawakilisha, kadiri inavyowezekana, vyama mbalimbali, maoni mbalimbali, jinsia na makundi maalumu. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina tisa yaliyopangwa na vyama bila wabunge kuyapigia kura. Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, nayo ikayazuia majina yale, na Machi 2007 ikaamua kwamba orodha ya kukabidhiwa si uchaguzi. Wabunge wa Kenya hawakuingia mpaka Juni 2007. Ilikuwa siku kubwa kwa demokrasia ya eneo letu: wananchi wameishitaki serikali yao mbele ya mahakama ya majirani, na wameshinda.

Sisi wa Nyamagana nasi tuna kumbukumbu yetu. Mwaka 2010 jimbo hili lilikuwa na mchuano mkali: Ndugu Ezekiel Wenje wa CHADEMA akamshinda Ndugu Lawrence Masha wa CCM, aliyekuwa mbunge wetu na Waziri wa Mambo ya Ndani. Mungu si Athumani, miaka michache baadaye wote wawili wakawa chama kimoja, na Aprili 2017 CHADEMA ikapeleka majina yao mawili Dodoma yapigiwe kura ya kwenda Bunge la Afrika Mashariki. Kura za hapana zikawa nyingi kuliko za ndiyo. Wote wawili wakakataliwa. Mwezi uliofuata chama chao kikapeleka orodha nyingine, na safari hii wanawake wawili wakapita.

Sitaki kuingia katika ushabiki wa vyama, na wala sisemi kwamba wawili wale walistahili kuliko wengine. Uchaguzi ni uchaguzi, na mtu anaweza kukataliwa. Wapo waliosema kwamba chama kikubwa kilimchagulia mdogo msemaji wake. Wapo waliosema kwamba chama kilichopeleka majina mawili kwa nafasi mbili kilitaka wabunge wapige muhuri tu. Mjadala ule ulikuwa na hoja pande zote. Ninachokumbuka mimi ni kwamba watu wawili waliowahi kuwa wabunge wetu walikuwa wakipimwa kwa kazi ya kututungia sheria za ziwa letu na mipaka yetu, na hapa mjini hakuna aliyekuja kutuuliza lolote. Kenya mwaka 2006 kulikuwa na majina bila kura. Kwetu mwaka 2017 kulikuwa na majina na kura. Mwananchi alikosekana kote kuwili.

Najua yupo msikilizaji anayesema: mzee, mambo haya ya Jumuiya tuyaache, tutanyang'anywa ardhi na kazi. Hofu hiyo naiheshimu. Mwaka 2007 Kamati ya Profesa Samuel Wangwe, iliyowauliza Watanzania juu ya kuharakisha shirikisho la kisiasa, ilikuta kwamba walio wengi hawataki haraka. Serikali ikasikia, na mwendo ukapunguzwa. Mimi nauona huo kuwa mfano wa demokrasia katika Jumuiya: watu waliulizwa, wakajibu, jibu lao likaheshimiwa. Lakini anayeogopa kudhulumiwa ndiye anayehitaji zaidi kumjua mbunge wake wa Arusha. Ukiogopa kwamba katika kikao watakugawia vibaya, dawa yake si kukataa kujua nani anakaa katika kiti chako.

Na tukizungumzia demokrasia tusiwanyooshee majirani kidole tukasahau vidole vitatu vinavyotutazama wenyewe. Sudan Kusini haijafanya uchaguzi mkuu tangu ipate uhuru mwaka 2011, imekuwa ikiuahirisha. Uganda iliondoa ukomo wa umri wa rais mwaka 2017. Lakini na sisi, uchaguzi wetu wa Oktoba 29, 2025 uliandamana na ghasia na vifo, intaneti ikazimwa, na waangalizi wa Umoja wa Afrika na wa jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika wakasema haukufikia viwango. Maneno ya mgeni huuma, hasa yakitoka kwa ndugu. Hata hivyo tulikubali kuwa ndugu ili tuambiane. Bunge la nchi moja likiona la jirani linanyamazishwa na likakaa kimya, siku yake ikifika nalo litakosa wa kulisemea.

Sasa nifanyeje, mimi na wewe, badala ya kulalamika barazani? Nina mapendekezo matatu, nayo hayahitaji kubadili Mkataba.

La kwanza: wabunge wetu tisa waje. Kila mwaka waje Mwanza, waje Kirumba, waje Sirari na Mutukula, wakae kwenye benchi, waseme kwa Kiswahili wamefanya nini. Mkataba wa 1999 uliandika kwamba Kiingereza ndicho lugha rasmi na Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa Jumuiya. Basi na kitumike huko huko kwa watu. Na Bunge la Dodoma litenge siku, taarifa za Arusha zikishawekwa mezani, zijadiliwe hadharani, zisilazwe makabatini.

La pili: wakati wa kuwachagua tisa hao, wagombea wasiishie kujieleza kwa wabunge dakika chache. Majina yatangazwe mapema, wagombea wapite katika kanda, redio zetu ziwahoji. Kura watapiga wabunge, sawa, ndivyo Mkataba ulivyosema. Lakini mbunge wa Nyamagana atapiga kura yake akijua watu wake wamemsikia mgombea na wana maoni.

La tatu: wabunge wa majimbo ya ziwa wakutane. Mbunge wa Nyamagana na wa Ilemela, wa Bukoba na wa Musoma, wa Kisumu na wa Homa Bay, wa Entebbe na wa Jinja. Hawa wana samaki mmoja, gugumaji moja na dhoruba moja. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, na Shirika la Uvuvi wa Ziwa Victoria liko Jinja. Wataalamu wanakutana huko miaka yote. Waliochaguliwa na watu wakutane nao, na wakirudi watuambie. Mvuvi anapokamatwa katika maji ya upande wa pili, nyavu na mashine ya mtumbwi vikachukuliwa, mke wake asingoje balozi. Ampigie mbunge wake, na mbunge wake awe na namba ya mbunge mwenzake wa ng'ambo.

Haya ni mambo madogo, lakini chanda chema huvikwa pete. Bunge likionekana linafanya kazi ya watu, watu watalitetea siku litakapotaka kuzimwa. Lile la zamani halikuwa na mtetezi.

Ndugu msikilizaji, jana nilirudi Kirumba. Safari hii nilikwenda na karatasi, nimeyaandika majina yote tisa kwa kalamu nzito, na chini yake nimeandika habari ya kile cheti chepesi cha mpakani. Mama yule akaivaa miwani ya jirani yake, akasoma taratibu mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na namba zao za simu, mzee?"

Namba sikuwa nazo. Waheshimiwa tisa, kama mnanisikia, au kama kesho mtayasoma haya gazetini, mama anangoja jibu, na magunia yake yanaondoka Alhamisi.

Mpaka juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.